Mlevi aaminiwe siri za dola?

 

Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka Ijumaa ya tarehe 20 Mei 2016. Siku hiyo Ikulu ilitoa taarifa kwamba Rais John Magufuli, ambaye sasa ni marehemu, ametengua uteuzi wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Charles Kitwanga, aliyekuwa mbunge wa Misungwi. Sababu iliyotajwa haikufumbwa: kwa mujibu wa taarifa hiyo, waziri aliingia bungeni Dodoma na kujibu swali linaloihusu wizara yake akiwa amelewa. Haikuwa imetimia miezi 6 tangu Baraza la Mawaziri lilipotangazwa Desemba 2015. Watu walizungumza, wengine wakicheka, wengine wakiusifu ukali wa Rais. Mwezi uliofuata nafasi ile akapewa Mwigulu Nchemba, na mjadala ukazimika.

Sisi tuliona, na hata leo tunaona, kwamba mjadala ule ulizimika kabla ya kulifikia swali lenyewe. Wizara ya Mambo ya Ndani si wizara ya mambo mepesi. Chini yake wako Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto, na katika meza zake hupita taarifa ambazo mwananchi wa kawaida hatakiwi kuziona. Wanaokabidhiwa kazi za namna hiyo, kuanzia wakubwa hadi karani wa masjala ya siri, hutakiwa kwanza kupekuliwa ili ijulikane kama wanaaminika. Sasa ikiwa ulevi wa siku moja unatosha kumwondoa mtu ofisini mbele ya taifa zima, je, huulizwa vipi kabla hajaingia? Nani huulizwa? Na akisema kweli, hufanywa nini? Hatumsemi aliyeondoka, maana lake limekwisha. Tunausema utaratibu.

Na tunapenda kuusema kutokea mahali ambapo wengi hawatazamii, yaani Mollo, huku Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Tumepachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Mollo pana gereza la kilimo lenye mashamba ya mahindi, na kwa hiyo vijana wa hapa hukua wakiwaona askari magereza kila siku, na wengi hutamani kuvaa sare ile, au ya polisi, au ya uhamiaji kule Kasesya katika mpaka wa Zambia. Ya pili ni kwamba Ufipa ni nchi ya ulezi, na panapolimwa ulezi pombe haiko mbali. Mambo haya mawili, sare na pombe, yanakutana katika karatasi ya upekuzi.

Wale wasioufahamu upekuzi tuwaeleze kwa ufupi. Mwombaji wa kazi nyeti hujaza fomu ndefu: wazazi wake, ndugu zake, shule alizosoma, mahali alipoishi, na watu wanaomfahamu. Kisha wahusika hufuatilia. Huenda kwao alikozaliwa, wakazungumza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, mwalimu wake wa zamani, pengine na majirani bila ya wao kujua wanazungumza na nani. Idara ya Usalama wa Taifa, iliyowekwa kisheria kwa Sheria ya mwaka 1996, ndiyo yenye kazi ya kuishauri Serikali katika mambo ya usalama, na ushauri wake ni siri. Hilo la siri hatuligombi. Hakuna dola duniani inayobandika matokeo ya upekuzi katika ubao wa matangazo.

Lakini yatazame matangazo ya ajira za majeshi yetu, ambayo hayana siri yoyote kwani hutolewa hadharani. Mengi tuliyoyasoma yanataka mwombaji awe raia, awe na afya njema, awe na tabia njema, asiwe na kumbukumbu ya uhalifu, asiwe na michoro mwilini, na awe hajawahi kutumia dawa za kulevya. Pombe haitajwi. Mchoro mdogo wa jina la mama mkononi umetajwa, lakini pombe imeachwa ijifiche ndani ya maneno mawili, "tabia njema", ambayo kila mtu anayapima kwa kibaba chake.

Na hapa ndipo Mollo inapotufundisha. Kwa mzee wa Kifipa aliyezoea kwamba kazi ya kulima kwa kushirikiana humalizika kwa mtungi wa pombe ya ulezi, kijana anayekunywa jioni baada ya jembe ni kijana mwenye tabia njema kabisa. Kwake yeye tabia mbaya ni wizi, ni matusi kwa wakubwa, ni uvivu. Ukimwuliza kama fulani ni mlevi, atakujibu kwamba si mlevi, kwani analima. Pengine yule asiyekunywa ndiye atakayetiliwa shaka kidogo, kwamba anajitenga na wenzake. Ukimwendea jirani wa pili, ambaye ni Mwislamu na hagusi kileo, atakuambia fulani huyo huyo ni mlevi mkubwa kwa sababu alimwona mara mbili akitoka kilabuni. Mpekuzi anarudi na majibu mawili yanayopingana juu ya mtu mmoja na unywaji ule ule. Anaandika lipi? Sisi hatujui, na kijana mwenyewe hatajua kamwe.

Tusije tukaeleweka kwamba tunaidogosha pombe. Nchi yetu imeigombana kwa sheria tangu zamani: Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 iliyoilenga gongo, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliyopanga leseni na saa za kuuza, na marufuku ya pombe za viroba iliyoanza tarehe 1 Machi 2017. Katika dini yetu hukumu yake haina mjadala. Iliteremka kwa hatua, na hatua ya mwisho, katika Suratul Maida aya ya 90, iliiweka pamoja na kamari na ibada za masanamu. Kwa hiyo ubaya wake hatuuliziani. Tunaloliuliza ni jingine: ubaya huo unaingiaje katika suala la siri na amana, na kwa kipimo gani?

Wenzetu walioumizwa na jambo hili wametuachia mifano. Aldrich Ames alikuwa ofisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Ulevi wake ulijulikana na wakubwa wake kwa miaka mingi. Mwaka 1976 aliwahi kusahau ndani ya treni ya New York mkoba wenye nyaraka za siri. Wakamvumilia, wakampandisha, wakampa kazi iliyomfungulia majina ya watu waliokuwa wakiitumikia Marekani kwa siri ndani ya Urusi ya Kisovieti. Kuanzia mwaka 1985 akayauza majina hayo kwa fedha, na wengi wa watu hao wakauawa. Alikamatwa Februari 1994. Si kwamba pombe ndiyo iliyomfanya msaliti, kwani alifanya hivyo kwa tamaa na madeni. Lakini pombe ilikuwa ishara iliyokuwa ikining'inia mbele ya macho ya watu, nao wakaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Kwa upande wa pili yuko John Tower, seneta wa zamani wa Texas. Mwaka 1989 Rais George Bush, yule baba, alimteua kuwa Waziri wa Ulinzi. Maneno juu ya ulevi wake na wanawake yalikuwa mengi, naye akaahidi hadharani kwamba hatagusa kileo akipewa wizara. Hawakumwamini. Tarehe 9 Machi 1989 Baraza la Seneti lilimkataa kwa kura 53 dhidi ya 47. Mpaka leo wako wanaosema alionewa kwa uvumi, na wako wanaosema taifa liliepushwa na shari. Sisi tunalichukua hili moja tu: kwamba pale pasipo na kipimo kilichoandikwa na kukubaliwa, hata mtu mkubwa namna ile aliishia kuhukumiwa kwa maneno ya baa.

Huenda ni kwa sababu ya machungu kama hayo kwamba Wamarekani wameandika kipimo chao waziwazi. Mwongozo wao unaotumika tangu tarehe 8 Juni 2017 una vigezo 13 vya kumpima anayeomba kuaminiwa siri za serikali, na cha 7 ni pombe. Tumeusoma na tumeona jambo la kuzingatia. Hauulizi kama mtu anakunywa. Unauliza kama kunywa kwake kumemvunjia busara na kumfanya asitegemeke. Je, amewahi kukamatwa akiendesha gari amelewa, au kupigana, au kuripoti kazini akiwa hajiwezi? Je, hunywa kwa mazoea hadi akapoteza uamuzi? Je, daktari amemtambua kuwa na maradhi ya ulevi, na akishauriwa matibabu amekataa? Je, alitibiwa kisha akarejea? Hayo ndiyo yanayomwangusha.

Halafu mwongozo huo huo unafungua mlango. Yanayomwokoa mtu ni kwamba muda mrefu umepita na hali imebadilika. Kwamba mwenyewe amekiri tatizo na ana ushahidi wa hatua alizochukua. Kwamba yuko katika matibabu au ushauri na anaendelea vizuri. Kwamba amemaliza matibabu na ameonyesha kwa kipindi cha kutosha kuwa ameacha, au amejizuia kama alivyoelekezwa. Anayekataliwa huelezwa sababu kwa maandishi, na ana haki ya kukata rufaa. Zaidi ya hapo, kudanganya katika fomu huhesabiwa peke yake kuwa ni kasoro ya uaminifu, na mara nyingi uongo humponza mtu kuliko chupa yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu anayeficha ana kitu cha kutishiwa nacho. Adui akilijua analolificha, amekwisha kumshika. Aliyesema mwenyewe hana tena cha kutishiwa.

Msomaji atasema: mnatuletea mambo ya Marekani katika ukurasa wa Ijumaa? Basi na turejee nyumbani kwetu, maana mambo haya tulikuwa nayo kabla yao.

Al-Walid bin Uqba alikuwa gavana wa Kufa katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (RA), tena ndugu yake kwa mama. Akawasalisha watu Alfajiri akiwa amelewa, akawauliza kama awaongezee rakaa. Habari hii imo katika Sahih Muslim. Watu walipofika Madina kushitaki, Uthman hakusema huyu ni ndugu yangu, wala hakusema maneno ya watu hayaishi. Alitaka mashahidi. Mmoja akashuhudia kwamba alimwona akinywa, wa pili akashuhudia kwamba alimwona akitapika, na Uthman akaona kwamba asingeitapika kama hakuinywa. Akaondolewa kazini na akaadhibiwa. Ukiitazama vizuri kesi hii utaona inafanana na ya Dodoma kwa namna ya kushangaza: kiongozi, mbele ya watu, ndani ya kazi yenyewe aliyokabidhiwa, amelewa. Tofauti ni kwamba huko Madina ushahidi ulisikilizwa hadharani, na sisi tulipata taarifa ya Ikulu.

Kabla yake, katika zama za Sayyidna Umar (RA), gavana wa Bahrain alikuwa Qudama bin Madh'un, sahaba aliyepigana Badr na shemeji wa Umar mwenyewe. Al-Jarud, mkubwa wa kabila la Abdul Qays, akaja kumshitaki kwamba amekunywa. Swali la kwanza la Umar lilikuwa: nani anashuhudia pamoja nawe? Akatajwa Abu Hurayra, naye alipoulizwa akasema hakumwona akinywa, bali alimwona amelewa na anatapika. Umar akaona bado, akataka zaidi, hata akatumwa mtu kwa mke wa Qudama, naye akamshuhudilia mumewe kwa ukweli. Ndipo Qudama akaadhibiwa, na ugavana ukamtoka. Lakini hadithi haiishii hapo. Baadaye Umar alimtafuta wakapatana. Hakumfanya adui wa maisha.

Tunaomba msomaji ashikilie kile kitendo cha Umar kutaka shahidi baada ya shahidi. Mtuhumiwa alikuwa mtu wa serikali, na mshitaki alikuwa mtu mzito. Umar alikuwa mkali kuliko watu wote juu ya pombe, na bado uvumi haukumtosha.

Tena anasimuliwa Umar huyo huyo kwamba usiku mmoja alisikia kelele, akapanda ukuta wa nyumba ya mtu, akamkuta na kileo. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia si kwa kupitia mlangoni, na hakutoa salamu wala kuomba idhini. Umar akamwacha. Kupeleleza aibu za watu kumekatazwa katika Suratul Hujurat aya ya 12. Je, hii ina maana upekuzi wa Serikali ni haramu? Hatusemi hivyo, wala hatuna elimu ya kuthubutu kusema hivyo. Anayeomba kukabidhiwa funguo ameridhia mwenyewe kuulizwa, na Nabii Yusuf (AS) alipoomba kusimamia hazina za chakula za Misri alijieleza kwa sifa mbili zinazopimika, kuwa ni mlinzi na ni mjuzi. (Wenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Sumbawanga, ambako mahindi ya Rukwa hujazwa kila msimu, wanajua maana ya kumpata mlinzi aliye macho.) Tunachosema ni kwamba kuna tofauti baina ya kumuuliza mtu na mashahidi wake juu ya yale yanayogusa kazi, na kukusanya porojo za mtaa mzima ukaziita taarifa.

Sasa tufike mahali panapotuuma sisi wenyewe. Mkoa wa Rukwa Waislamu ni wachache. Katika jamii ndogo kila mtu anamjua kila mtu, na Mwislamu anayekunywa hujificha kuliko mtu yeyote. Mfipa wa dini nyingine akinywa atakaa kwenye benchi la kilabu, wazee wamwone, na akizidi watamwambia nenda kalale. Wa kwetu atakunywa usiku, nyuma ya nyumba, au atapanda basi hadi Tunduma ambako hajulikani. Mkewe anajua na hasemi. Imamu anahisi na hasemi. Siku mpekuzi anapokuja kuuliza, sote tunasema ni kijana wa msikitini, hana neno. Tunadhani tunamsitiri. Tujiulize tunampeleka wapi. Tunampeleka mpakani, au kwenye gereza, au kwenye masjala, akiwa amebeba jambo ambalo mtu yeyote wa kule Tunduma aliyemwona amelala barazani anaweza kulitumia: nipitishie mzigo huu, au nitasema. Mpaka wetu ni mrefu, kuna Zambia upande huu na Ziwa Tanganyika upande ule, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo. Wenye mizigo ya kupitisha hawakosekani.

Kusitiri ni jambo jema, na tumehimizwa. Lakini kutoa ushahidi wa uongo juu ya amana ya watu wote ni jambo jingine kabisa, na hatuoni vipi mambo hayo mawili yalichanganywa mpaka yakaonekana ni moja.

Na kwa nini kijana asiseme mwenyewe? Kwa sababu anajua hakuna mlango. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukisema uliwahi kunywa sana, ukatibiwa, na sasa una miaka 3 hujagusa, utasikilizwa. Anachokijua ni hadithi za mtaani kwamba fulani alikatwa jina. Kwa hiyo ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kunakomfanya awe hatari zaidi. Hapa utaratibu unazalisha jambo lile lile uliowekwa kulizuia.

Tumkumbuke Abu Mihjan wa Thaqif. Katika vita vya Qadisiyya alikuwa amefungwa minyororo na Saad bin Abi Waqqas kwa sababu ya pombe. Akaisikia vita, akamsihi mke wa Saad amfungulie akapigane, na akaahidi kwamba akisalimika atarudi mwenyewe kwenye minyororo. Akapigana vita vya kushangaza, kisha akarudi, akatia miguu yake katika pingu. Saad alipoyajua hayo alimfungua, na Abu Mihjan akaiacha pombe. Mtu huyu alikuwa mlevi, hilo halikufichwa na yeyote. Lakini alipotoa neno alilitimiza, na alifanya hivyo pasipo mtu wa kumlazimisha. Ungemwuliza mpekuzi wa leo, angemweka upande gani? Sisi tungependa kuwe na kanuni inayomwezesha mpekuzi kuyaandika yote mawili, pombe yake na uaminifu wake, na tarehe za kila moja.

Kuna waliotuambia kwamba Serikali si hospitali, na kwamba kazi za usalama si mahali pa kumfanyia mtu majaribio ya toba. Neno hilo lina uzito, na tunalikubali kwa sehemu. Anayelewa leo asipewe funguo leo. Ziko nafasi ambazo hata aliyeacha mwaka jana asubiri kwanza. Lakini wanaosema hivyo husahau kwamba walevi wengi hawaingii kazini wakiwa walevi. Huingia wazima, wakapangiwa vituo vya mbali, familia ikabaki nyuma, mshahara ukawa na makato, na kilabu kikawa ndiyo nyumba. Kulewa kazini ni kosa la kinidhamu katika majeshi yetu yote, na ni sawa liwe hivyo. Ila askari anayehisi anaanza kuzama, akaenda kwa mganga mkuu akasema nisaidie, je, amejitibu au amejishitaki? Mwongozo ule wa Marekani unamhesabia kule kwenda kuwa ni hoja ya kumtetea. Kwetu hatujaona pameandikwa, na anayezama hawezi kukisia.

Hata akitaka kwenda, aende wapi? Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko Dodoma, safari ndefu ya basi kutoka Mollo, na kwa mtumishi wa cheo cha chini kuomba ruhusa ya kwenda Mirembe ni sawa na kujitangaza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapa Sumbawanga. Ushauri nasaha wa siri kwa watumishi wenye tatizo la pombe, unaotolewa karibu na bila ya jina kupita mezani kwa mkuu wa kituo, ungeokoa wengi kuliko fomu mpya.

Liko pia suala la muda. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 ziliweka kwamba mtu asikaimu nafasi zaidi ya miezi 6, lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara kwa mara kutaja taasisi ambazo watu wamekaimu kupita muda huo, na mojawapo ya sababu zinazotolewa ni upekuzi kutokamilika. Anayekaa miaka 2 akikaimu bila kuelezwa lolote huanza kuwaza. Je, ni yale maneno ya jirani? Ni ile harusi ya mwaka ule? Na walio chini yake nao huanza kuwaza hivyo hivyo, wakamnong'ona. Hatudai aonyeshwe faili. Tunadai aambiwe ama anafaa au hafai, na kama kisichofaa ni jambo la mwenendo wake kama pombe, aambiwe hilo, ajibu, alete daktari wake na mashahidi wake, kama Umar alivyompa Qudama nafasi ya kujibu mbele ya macho yake. Siri za dola hazipungui kwa mtu kujulishwa aibu yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunapowaomba wenye mamlaka waandike kigezo cha pombe kwa uwazi, katika matangazo ya ajira na katika kanuni za upekuzi, hatuombi ulegevu. Kigezo kilichoandikwa ni kikali zaidi kuliko "tabia njema", kwa sababu hakimwachii mzee wa kilabuni kumpitisha aliyevunjika, wala hakimwachii jirani mwenye kinyongo kumwangusha aliye mzima. Na hakibagui dini. Jina la Kiislamu katika fomu si cheti cha kutokunywa, kama ambavyo kuzaliwa Ufipa kwenye ulezi si cheti cha ulevi.

Wakati hayo yanasubiriwa, nafasi za majeshi hazikawii kutangazwa, na vijana wa Mollo watakuja kwetu kuomba tuandikwe kuwa tunawafahamu. Tukiulizwa juu yao, tuseme tulichokiona kwa macho yetu, tuseme tulikiona lini, na tulichokisikia tuseme tumekisikia. Na kama kijana alikuwa anakunywa na ameacha, tusilifiche la kwanza, na tusilisahau la pili. Tuseme ameacha tangu mwezi gani na tunajuaje.